UFUNDI WA NYUMBANI: Tazama Kifundo Kama Chazunguka

Juma hili twataka kuzungumza juu ya kamera za zamani zinazotumia filamu, na hasa ile ya Kijerumani iitwayo Leica. Labda mtu atauliza, "Siku hizi kila kijana ana simu ya kupigia picha mfukoni mwake, ya nini kusumbukia filamu?" Jibu letu ni kwamba kamera hizi zingaliko. Moja imelala kabatini tangu babu alipofariki, nyingine imo sandukuni pamoja na vyeti na barua za zamani, na vijana wengine wameanza kuzitafuta tena kwa kuzipenda. Kodak na Ilford wangali wakiuza filamu ya milimita 35 inayoingia humo. Tena kamera nzuri ya chuma haifi upesi. Iliyotengenezwa mwaka 1955 yaweza kupiga picha leo, mradi isiwe imeharibika ndani, na mwenyewe awe anajua kuitia filamu na kuitoa.

Lakini hapo penye kutia na kutoa ndipo penye msiba. Mwenye simu huiona picha yake papo hapo. Mwenye filamu haoni kitu mpaka filamu imekwisha safishwa. Akikosea kuitia, kamera haimwambii neno. Atavuta mkono, atabonyeza kitufe, atasikia mlio, na hesabu ya picha itakwenda 1, 2, 3 hata 36, na kumbe filamu haikutoka katika kikopo chake hata shibiri moja. Arusi imekwisha, wageni wametawanyika, bibi mzee aliyeletwa kutoka mbali amekwisha rudi kwao, na picha hakuna hata moja. Mwingine amepiga picha zake zote vizuri, kisha kwa haraka ya kutaka kuziona anafungua kamera kabla hajairudisha filamu kikoponi. Mwanga unaingia, na picha zinakufa pale pale mkononi mwake.

Hasara hizi mbili ndizo kubwa kuliko zote, na zote mbili huzuilika. Tena si kwa elimu kubwa, ila kwa kutazama kitu kimoja kidogo ambacho watu wengi hawakitazami. Tutakifikia.

ASILI YA KAMERA HII

Aliyeianzisha ni fundi mmoja jina lake Oskar Barnack, aliyezaliwa mwaka 1879. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Ernst Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, kiwanda kilichosifika kwa hadubini. Barnack alikuwa na ugonjwa wa pumu, na kamera za siku zile, pamoja na vioo vyake na miguu yake ya mbao, zilikuwa mzigo wa kumchosha mtu mzima mwenye afya, sembuse yeye. Akafikiri hivi: filamu ya senema ni nyembamba, yaweza kuingia katika kisanduku kidogo cha mkononi, na picha ndogo ikatoka, kisha ikakuzwa kuwa kubwa. Kabla ya vita kuu ya mwaka 1914 kupamba moto alikuwa amekwisha tengeneza ya kujaribia. Mwaka 1925 kamera ilionyeshwa hadharani katika maonyesho ya biashara mjini Leipzig, na jina lake, Leica, ni kifupi cha Leitz Camera.

Mwaka 1932 ilitoka Leica II, ambayo ilikuwa na kipima umbali kilichounganishwa na lenzi. Mpiga picha hutazama katika kidirisha, akaona taswira mbili za mtu mmoja. Huzungusha lenzi mpaka taswira zile mbili zinapokuwa moja, na hapo ajua kuwa picha itatoka safi bila ukungu. Mwaka 1954 ikatoka Leica M3, nayo ikapendwa sana; zaidi ya laki mbili zilitengenezwa. Hiyo M3 ndiyo tutakayoitumia kwa mfano leo.

NJIA YA FILAMU

Mtu asiyejua njia ya filamu ndani ya kamera hufuata maagizo kama kasuku, na likitokea jambo dogo asilolitazamia, hana la kufanya. Kwa hiyo natuijue njia kwanza.

Filamu hii ina upana wa milimita 35, na kila ukingo una safu ya matundu. Ile ya picha 36 ina urefu wa karibu mita 1.6. Huja imeviringwa ndani ya kikopo kidogo, na mdomo wa kikopo una kitambaa cheusi kama mahameli ili mwanga usipenye. Mdomoni hutokeza ncha iliyokatwa nyembamba, tuiite ulimi.

Upande mmoja wa kamera hukaa kikopo. Upande wa pili kuna kitu cha kuviringia filamu, mfano wa bobini ya cherehani, nasi tutakiita bobini. Katikati, karibu na bobini, kuna gurudumu lenye meno, na meno hayo huingia katika matundu ya filamu. Kila uvutapo mkono wa kamera, meno huisogeza filamu matundu 8, ambayo ndiyo nafasi ya picha moja, na bobini huiviringa.

Basi angalia hili: picha zikiisha, filamu yote imetoka kikoponi na imo juu ya bobini. Pale haina nguo. Kinachoikinga na mwanga ni mwili wa kamera peke yake. Ndiyo sababu yapasa kuirudisha yote ndani ya kikopo kabla ya kufungua. Anayeelewa hivyo hatafungua kamera kwa bahati mbaya, kama vile mtu hafungui mlango wa bafu bila kubisha.

KUTIA FILAMU

Fanya kazi hii kivulini, kama ndani ya nyumba au chini ya mwembe. Kitambaa cha mdomo wa kikopo huzuia mwanga, lakini jua la saa sita ni kali, na si busara kulijaribu. Tena futa vumbi la mikononi. Chembe moja ya mchanga ikiingia katika kitambaa kile, itaikwaruza filamu tangu picha ya kwanza hata ya mwisho, kama msumari juu ya mlango uliopakwa rangi.

Mgeni wa kamera hii hutafuta mlango mkubwa wa nyuma asiuone. Mwili wake ni kipande kimoja kigumu, na filamu huingizwa kwa chini.

Kwanza, igeuze kamera chini juu, mgongo wake ukuelekee wewe. Kwenye kifuniko cha chini kuna kishikio kidogo. Kiinue, ukizungushe kuelekea alama ya kufungua, nacho kifuniko kitatoka. Kiweke mahali ambapo hakitapotea. Kisha inua mlango mdogo wa nyuma, uliowekwa kwa ajili ya kuchungulia na kusaidia vidole.

Pili, itoe bobini. Hutoka nje kabisa. Shika ulimi wa filamu, uchomeke katika nafasi ya bobini, chini ya kibanio chake, uende mpaka mwisho na ukae sawa. Ukikaa upande, filamu itapanda juu au kushuka chini kadiri inavyoviringwa, na itakunjamana. Vuta kidogo kwa upole ili kuhakikisha kuwa umeshika. Makosa mengi huzaliwa hapa. Ulimi ulioingia nusu huonekana kama umeshika, na mvuto wa kwanza huuchomoa.

Tatu, ingiza bobini na kikopo pamoja, kwa wakati mmoja, filamu ikiwa imenyooka kati yao. Kwa kuwa kamera imegeuzwa, kikopo kitakuwa mkono wako wa kuume na bobini mkono wa kushoto. Visukume vyote mpaka vitue. Chungulia kwenye mlango mdogo: je, meno yameingia katika matundu? Kama bado, isogeze filamu kwa kidole taratibu mpaka iyashike.

Nne, funga mlango mdogo, kisha rudisha kifuniko cha chini. Anza kwa upande ule usio na kishikio, ukinase vizuri, ndipo ulaze upande wa pili na kukifunga. Usilazimishe. Kifuniko kikikataa, kuna kitu ndani hakikukaa mahali pake. Fungua utazame tena. Chuma kikikataa kwa adabu, usikijibu kwa nguvu.

KIFUNDO NDICHO SHAHIDI

Sasa tumefika kwenye lile neno letu. Juu ya kamera, upande wa kushoto unapoishika mbele ya jicho, kuna kifundo cha mviringo chenye mshale. Hicho ni kifundo cha kurudishia filamu, na wengi hudhani kuwa hakina kazi mpaka mwisho wa filamu. Kumbe tangu mwanzo ni shahidi. Chini yake kuna mhimili ulioshika moyo wa kikopo, ambao ndio uliozungushiwa filamu. Filamu ikitoka kikoponi, moyo huzunguka, na kifundo huzunguka pamoja nao. Filamu isipotoka, kifundo hakina sababu ya kuzunguka.

Basi, baada ya kufunga kamera, kizungushe kifundo pole pole kwa njia ya mshale, mpaka uone kuwa kimekaza kidogo. Acha hapo hapo. Umeondoa ulegevu wa filamu ndani ya kikopo. Tendo hili lina maana, kwani filamu ikiwa imelegea, itatoka kidogo bila kukizungusha kifundo, nawe utaingiwa na hofu ya bure, au, vibaya zaidi, utazoea kutokijali.

Kisha vuta mkono wa kamera, macho yako yakiwa kwenye kifundo. Kikizunguka kinyume cha mshale, filamu yaenda. Katika M3 kuna nukta nyekundu za kukusaidia kuona mzunguko huo. Bonyeza kitufe, uvute tena, utazame tena. Picha hizi mbili za kwanza ni za bure, maana sehemu ile ya filamu imekwisha ona mwanga. Kihesabio cha M3 hujirudisha chenyewe mwanzo unapobadilisha filamu, lakini usikifanye kuwa shahidi wako. Kihesabio huhesabu mivuto ya mkono. Hakijui kama filamu imo au haimo. Kifundo ndicho kijuacho.

Na kama hakizunguki? Usiseme, "Labda kitaanza baadaye." Fungua sasa, uingize ulimi upya. Kufungua mwanzoni kutakugharimu filamu ya picha moja au mbili. Kutofungua kwaweza kukugharimu arusi nzima. Tena usikitazame mara moja tu ukasahau. Kitazame kila baada ya picha chache, kama vile dereva atazamavyo mshale wa mafuta.

Neno moja kwa wenye M3 za miaka ya kwanza: mkono wake huvutwa mara mbili kwa kila picha. Usidhani imeharibika, ndivyo ilivyofanywa. Tangu mwaka 1958 zilianza kutoka za kuvutwa mara moja.

KUIRUDISHA

Filamu ikiisha, mkono wa kamera hukaza na kukataa. Hapo wengine huongeza nguvu ili kuiba picha ya 37 au ya 38. Huo ni uchoyo wenye hasara. Mwisho wa filamu umegundishwa kwenye moyo wa kikopo, na ukivuta kwa nguvu waweza kuung'oa, au kuyapasua matundu. Ukisikia umekaza, acha, hata kama mkono umefika nusu ya njia.

Mbele ya kamera, upande wa kitufe cha kupigia picha, kuna mkono mdogo wenye herufi R. Usukume kuelekea herufi hiyo. Sasa gurudumu la meno limeachiliwa na laweza kuzunguka kinyumenyume. Kisha kivute kifundo juu, ukizungushe kwa njia ya mshale.

Zungusha pole pole. Jambo hili lina sababu mbili. Mahali penye hewa kavu, filamu inayokimbizwa yaweza kutoa cheche ndogo za umeme, na cheche hizo huacha alama juu ya picha mfano wa matawi ya mti. Tena kama kuna chembe ya vumbi mdomoni mwa kikopo, haraka huzidisha mikwaruzo. Haraka haraka haina baraka, nasi twaliona neno hilo hapa kwa macho.

Utasikia uzito mdogo wakati wote wa kuzungusha. Karibu na mwisho uzito utaongezeka kidogo, kisha utaachia ghafula, na kifundo kitakuwa chepesi. Maana yake ulimi umechomoka kwenye bobini. Wanaotaka ulimi ubaki nje huacha hapo. Sisi twakushauri uzungushe mara kadhaa zaidi ili ulimi uingie ndani kabisa. Filamu isiyo na ulimi hakuna atakayeidhania kuwa ni mpya na kuitia tena, akapiga picha za ubatizo juu ya picha za arusi. Baada ya hayo fungua kifuniko, kivulini, utoe kikopo. Mkono mdogo wa R hurudi wenyewe mahali pake utakapovuta mkono wa kamera.

KIFUNDO KIKIWA CHEPESI TANGU MWANZO

Hapa msomaji atulie asome vizuri, maana hapa ndipo picha nyingi zilipopotea ambazo zingaliweza kuokoka. Umepiga picha zako zote, umesukuma R, unaanza kuzungusha kifundo, na tazama, ni chepesi tangu mzunguko wa kwanza. Wengi husema, "Haya, imekwisha rudi," wakafungua.

Ngoja kwanza. Filamu ya mita moja na nusu hairudi kwa mizunguko miwili. Yawezekana filamu haikushika tangu mwanzo, na hapo huna picha za kupoteza. Lakini kama ulikuwa ukikitazama kifundo na kilikuwa kikizunguka, basi mwisho wa filamu umeng'oka kwenye moyo wa kikopo, na filamu yote, pamoja na picha zako zote, imo juu ya bobini bila kinga. Usifungue. Ipeleke kamera kama ilivyo kwa fundi mwenye chumba cha giza, au mwenye mfuko mweusi wa kuingizia mikono, na umwambie mambo yalivyotokea. Ataifungua gizani, ataitoa filamu kwa vidole, na picha zitaokoka. Unaona basi faida ya kumsikiliza shahidi tangu mapema: yule aliyekitazama kifundo ajua ni lipi kati ya mawili limempata. Yule asiyekitazama hajui, na hana budi kuifanya kamera yake kama yenye picha.

LEICA ZA ZAMANI ZAIDI

Aliye na Leica iliyokuja kabla ya M3, kama ile III ya mwaka 1933, ana kazi moja zaidi. Hizo hazina hata mlango mdogo wa nyuma. Filamu hutelezeshwa kwa chini katika ufa mwembamba, na ulimi wa filamu za leo ni mfupi mno kwa kazi hiyo. Sehemu pana ya filamu hukwama ndani, na vipande vya filamu iliyopasuka vyaweza kuingia penye pazia la kamera na kuliharibu. Kwa hiyo chukua mkasi mkali, urefushe ulimi mpaka karibu sentimita 10. Usikate katikati ya tundu, kwani tundu lililokatwa ni mwanzo wa kupasuka. Zamani Leitz waliuza kibao maalum cha kukatia, kiitwacho ABLON. Lakini mkasi na rula vyatosha.

Katika hizo, kifundo ni shahidi vile vile. Tena wakati wa kurudisha kuna shahidi wa pili. Kitufe cha kupigia picha huzunguka maadamu filamu ingali ikipita juu ya meno. Kikikoma kuzunguka, ujue imetoka.

Na wenye kamera nyingine zenye mlango mkubwa wa nyuma, kama Canonet ya Kijapani, kazi yao ya kutia ni rahisi zaidi, lakini kanuni ni ile ile. Kamera yo yote ya aina hizi, yenye kifundo au kipini cha kurudishia, itakuambia ukweli ukiitazama.

USHAURI WA MWISHO

Usijifunze siku ya arusi. Tafuta filamu moja iliyopitwa na wakati, uitoe sadaka kwa mazoezi. Itie na kuitoa mara kumi mezani, ukiwa umetulia, watoto wakitazama, na wao pia wajaribu. Ikiwa kesho kuna sherehe, tia filamu leo jioni, uhakikishe kifundo kimezunguka, kisha andika kwenye karatasi ndogo "Imo filamu" na uibandike mgongoni mwa kamera, mtu wa nyumbani asije akaifungua kwa udadisi. Na usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, kwani joto huharibu filamu.

Picha 36 ni chache. Kila moja ni uso wa mtu uliyemwomba asimame, naye akasimama, akakuamini. Mzee aliyevaa kanzu yake nzuri kwa ajili yako huenda asikae mbele ya kamera mara ya pili. Kumtazamia kifundo kwa nukta moja ni adabu ndogo tu ya kumlipa.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kutunza picha za karatasi zisiliwe na wadudu na unyevu. Kwaherini.